Hapo ni Saa Ngapi?

(Mazungumzo niliyoyatoa Nakuru mbele ya kikundi cha vijana wanaopiga picha, pamoja na wazazi na walimu waliofika. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Wazee wetu, walimu, akina mama mliofunga vibanda vyenu leo ili mje na watoto, na ninyi vijana wenye kamera na wenye simu: hamjambo.

Nimetoka Kisumu jana kwa matatu. Ahero jua lilikuwa kali, Kericho mvua ilitupiga mpaka dereva akawasha taa mchana, Londiani tukakuta ukungu, na nilipoteremka hapa Nakuru kulikuwa na upepo na vumbi. Barabara moja, saa chache, hali ya hewa nne. Nayataja haya mapema kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yangu imo humo. Kamera inakuja baadaye sana.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu aliniomba niwatajie sehemu nzuri za kupiga picha za mandhari, kuanzia hapa hadi ziwani kwetu Kisumu. Nitazitaja chache, lakini kwa kupitia mlango mwingine. Kila ninapoonyesha picha, swali la kwanza ni lile lile: "Hapo ni wapi?" Nikijibu kwamba ni Kit Mikayi, yale majabali yaliyopandana kule Seme, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, mtu anatikisa kichwa. "Mimi nimefika Kit Mikayi, hapafanani hivyo." Na anasema kweli. Alifika saa saba mchana na wanafunzi wenzake, jua likiwa utosini, majabali yote yakiwa na rangi moja ya kijivu. Mimi nilikuwa pale jioni mvua imekatika punde, jiwe limelowa, mwanga unaingia kutoka upande wa ziwa. Tulifika mahali pamoja tukaona vitu viwili tofauti. Ila hakuna anayeniuliza: hapo ni saa ngapi? Mwezi gani? Kulikuwa kumenyesha?

Leo nataka mniulize hayo.

Watu wengine hudhani nilizaliwa na kamera shingoni, nikapanda mlima. Nilianza na masikio. Studio ya kwanza niliyofanya kazi ilikuwa hapa hapa Nakuru, karibu na stendi, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia wateja wa picha za kitambulisho warudishe nywele nyuma ili masikio yaonekane. Nyuma ya kiti kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mlima wenye theluji, na kichaka cha maua ambayo sijawahi kuyaona kwenye shamba la mtu yeyote. Nadhani hiyo ndiyo mandhari ya kwanza niliyoipenda, na haikuwepo popote duniani. Sikukuu za Krismasi tulihamia Nyayo Gardens, familia zikija na nguo mpya, na hapo ilikuwa ni mkanda. Mkanda wa filamu una picha 36, na kila mara unapobonyeza umetumia pesa ya mwenye studio.

Mwenye studio alikuwa mzee mkimya. Somo lake lilikuwa moja, na hajawahi kunipa lingine: kabla hujainua kamera, tazama kivuli cha pua. Kikianguka chini moja kwa moja, uso unakuwa bapa na macho yanazama. Kikilala upande, uso unapata umbo. Ukikosa kivuli kabisa, mtu huyo sogeza dirishani. Miaka mingi baadaye, nikiwa ukingoni mwa Menengai, niligundua kwamba bado nafanya kazi ya yule mzee. Mlima nao una pua. Natazama kivuli chake kimeangukia wapi, ndipo naamua kama nitoe kamera au ninywe chai.

Menengai mnaijua ninyi kuliko wageni, ila wengi wenu mnaijua kama mahali pa kwenda Jumapili. Ni kasoko kubwa ya volkano, ukingo wake ukifika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na sakafu yake ni mawe ya lava, meusi, yenye vichaka juu yake. Humo ndani kuna mvuke wa visima vya umeme wa jotoardhi, kuna wachungaji na mifugo, na kuna watu wanaoingia mapangoni kufunga na kuomba. Mchana ukisimama pale juu unaona shimo kubwa la kijani na kahawia, unapiga picha, unarudi nyumbani, halafu unashangaa picha imekuwa ndogo. Lazima iwe ndogo, kwa sababu hakuna kivuli. Nenda kabla jua halijachomoza, baada ya usiku wa mvua. Ukungu unakuwa umelala chini ndani ya kasoko, kuta zinatokeza juu yake, na jua linapoingia kwa pembeni, kila mfereji wa lava ya kale unaonekana una kina.

Mama yangu hakupenda. Alikuwa akiniuliza ni msichana gani anayeamka saa tisa usiku kukimbiza mawingu. Swali lake lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza, "watu watasema nini", sikuijali. Ya pili, "nani atajua ukipotea", niliijali, na naijali mpaka leo. Nilimwomba binamu yangu anisindikize, na tangu hapo siendi porini gizani peke yangu. Mabinti mlioko hapa, mzazi akisema hataki uende peke yako, tafuta mwenzako mwende wawili. Msibishane na hoja hiyo, ni hoja nzuri.

Sasa nizungumzie jua, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tumefundishwa vibaya.

Vitabu na video nyingi tunazojifunzia zimetengenezwa na watu wanaoishi mbali na Ikweta. Wanakuambia jua likizama usiondoke, panga vifaa vyako, mwanga wa samawati unakuja na utakaa. Kwao ni kweli. Norway wakati wa kiangazi jua huzama kwa mshazari, likiteleza kandokando ya upeo, na mwanga hubaki muda mrefu. Sisi Ikweta inapita hapo Maseno, karibu na Kisumu, na jua letu hushuka wima. Likishazama una dakika 20 hivi kabla hujahitaji tochi. Ndani ya dakika hizo rangi zinabadilika unapotazama. Mtu aliyezoea kufungua begi, kuchagua lenzi, kubadilisha betri na kumpigia rafiki simu atapata picha ya giza.

Kwa hiyo mimi hufika mahali mapema. Nachagua jiwe la kusimama, nafunga kamera kwenye tripodi, kile kitegemeo cha miguu mitatu, napanga fremu, kisha nasubiri bila kugusa chochote. Wanaonipita hudhani nimelala.

Jambo la pili. Tunasema kwetu jua huchomoza saa ile ile mwaka mzima. Karibu, lakini si sawasawa. Kisumu mwanzoni mwa Novemba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika 20 asubuhi, na katikati ya Februari ni kama dakika kumi kabla ya saa moja. Nusu saa ni muda mrefu kwa mtu aliyepanda kilima gizani akidhani amechelewa.

Na la tatu, ambalo wengi hawalitilii maanani kabisa: jua linahama. Juni linachomoza upande wa kaskazini wa mashariki, Desemba upande wa kusini, na tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni kama nyuzi 47. Chukueni ukuta wa Nandi, ule mwinuko unaoangalia uwanda wa Kano. Unatazama kusini. Desemba jua liko mbele yake, na kila kunjo la ukuta ule linasomeka. Juni jua limehamia nyuma. Majabali yaliyosimama wima yanabaki kivulini, na miteremko inapata mwanga wa kupita tu. Mtu anakwenda Juni, anarudi akisema Nandi hapana kitu. Nandi pana kitu, ila alikwenda mwezi wa mlango wa nyuma.

Ndiyo maana kabla ya safari mimi hufungua ramani. Survey of Kenya walichora ramani za kipimo cha 1:50,000, zenye mistari ya mwinuko, na ukijifunza kuisoma mistari ile utajua bonde limefunguka kuelekea wapi kabla hujalipa nauli. Siku hizi kuna programu za simu zinazokuonyesha jua na mwezi vitatokea wapi siku yoyote ya mwaka. Tumieni zote mbili. Lakini mtu akinitumia alama kwenye ramani ya simu na kuniambia "hapa ni pazuri, nenda", simshukuru sana. Amenipa mahali na kunificha wakati.

Nilihamia Kisumu kwa ajili ya kazi ya harusi, nikabaki kwa ajili ya mawingu. Sikuwahi kuona mji ambao anga lake lina ratiba kama ule. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa inapanda, na upepo wa ziwani unaingia kuchukua nafasi yake. Upepo huo unakwenda mpaka unakutana na pepo zinazotoka mashariki, na ukuta wa Nandi pamoja na vilima vya Kericho vinausukuma juu. Hapo mawingu yanajengeka, na kufikia saa tisa au saa kumi jioni unasikia radi. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa upesi, upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na dhoruba inahamia juu ya maji. Dhoruba hizo za usiku zimewaua wavuvi wengi.

Nilipoielewa ratiba hiyo nilibadilisha namna yangu ya kusimama. Nenda ufuo wa Dunga, Kisumu, jioni yoyote utaona watu wamejipanga wakitazama magharibi, jua linazama, simu zimeinuliwa. Ni nzuri, sikatai, na kila mtu anayo picha hiyo. Ila geuka. Nyuma yako, juu ya Nandi, kuna ukuta wa wingu la mvua uliosimama mrefu kuliko mlima wowote wa nchi hii, na jua lile lile wanalolitazama wenzako linaupaka rangi kuanzia chini hadi juu. Kama mvua bado inanyesha kule, upinde utakuwa hapo, maana upinde wa mvua hukaa mkabala na jua, na jioni mkabala na jua ni mashariki. Baadhi ya picha zangu ninazozipenda zaidi za Ziwa Victoria hazina ziwa ndani yake.

Elimu hii sikuipata yote vitabuni. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akinitazama kila jioni nikigeuka na kamera yangu, mpaka siku moja akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), unatafuta samaki gani huko nchi kavu?" Nikamwambia, "Jaduong' (mzee), natafuta mawingu." Hakucheka. Alikaa, akaanza kunieleza wingu lipi linaleta upepo na lipi ni la kupita tu, na upepo ukitoka upande gani yeye hatoi mtumbwi. Kuna jioni nilipanga kwenda na vijana majini kupiga picha za usiku, akaniambia, "Leo lala nyumbani." Niliikuta dhoruba nikiwa barazani, kamera kwenye tripodi, shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, wazi kwa sekunde 20 au 30 kila mara, na umeme ukipasua giza juu ya ghuba.

Aliyenifundisha habari ya mwezi ni yeye pia. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, wadudu wanakuja kwenye mwanga, omena wanawafuata wadudu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, kwa hiyo wengi hupumzika na kushona nyavu. Sasa wewe mpiga picha unayekwenda Mbita au Mfangano kutafuta zile taa zinazofanya ziwa lionekane limejengwa mji, ukienda mwezi mpevu utakuta giza na wavuvi wamelala. Na ukienda siku za giza la mwezi unaweza pia kubahatika, au kuteseka, kwa mawingu ya wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kutoka majini. Huingia puani, huingia kwenye chai. Picha yake ni nzuri ukiwa mbali.

Mtaona basi kwamba kupenda kutembea, kwangu mimi, hakujawa kupenda kwenda mbali. Nimekwenda mbali, na nilifurahi. Lakini kilichonivuta kila mara ni kutojua pahali patakuwaje nikirudi. Msitu wa Kakamega, kwa mfano, ulinishinda kwa muda mrefu. Ni mabaki ya ule msitu mkubwa wa mvua uliotoka Kongo kuja mpaka kwetu, na mtu anaingia akitarajia utukufu. Jua likiwaka humo ndani unapata madoa meupe na madoa meusi, kamera haijui ishike lipi. Siku ya mawingu mazito, au asubuhi ukungu haujaondoka, mambo yote yanatulia: magome, mizizi, kuvu, mbega juu ya tawi. Kwa hiyo Kakamega naenda siku ambazo watu wa Kisumu wanaahirisha pikiniki. Kilima cha Lirhanda, chenye handaki la zamani la kuchimbia dhahabu, nakiacha kwa siku iliyo wazi, kwa sababu pale unataka kuona mbali.

Thimlich Ohinga kule Migori ni kinyume. Zile ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kazi ya mamia ya miaka iliyopita, na tangu 2018 zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ukizipiga mchana unapata ukuta. Jua likiwa chini linapita juu ya uso wa ukuta kwa mshazari na kila jiwe linatoa kivuli chake, ukaona mkono wa fundi alivyochagua hili likae juu ya lile.

Nitaje adabu kidogo kabla sijasahau. Kit Mikayi kuna watu wanaokuja kuomba. Menengai vile vile. Usimwelekezee lenzi mtu aliyefumba macho, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani. Kijijini salimia kwanza, eleza unachofanya, na kijana anayekuonyesha njia mlipe, usimpe ahadi ya kumtumia picha. Na drone ina sheria zake: lazima isajiliwe na upate kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hifadhini unahitaji ruhusa ya wenye hifadhi juu ya hiyo.

Mwalimu ameniomba niseme habari ya pesa, nami nitasema kwa ufupi kwa sababu habari yenyewe ni fupi. Mandhari hailipi kodi ya nyumba. Mimi nalipwa na harusi, ruracio (sherehe ya mahari), mahafali, na mazishi, maana kwetu magharibi mazishi ni kazi kubwa na familia hutaka kila mgeni aonekane. Hoteli hununua picha mbili tatu, mashirika hununua za kalenda mwezi wa kumi na moja wakiwa na haraka. Kuna waliochukua picha yangu kutoka kwenye status ya mtu wakaiweka kwenye bango bila hata kunisalimia. Wekeni nakala za asili, zile kubwa, mahali salama. Bila hizo ni vigumu kumwonyesha mtu kwamba picha ni yako. Na msidharau harusi. Aliyewahi kupiga bibi harusi akitoka kanisani saa saba mchana, gauni jeupe, jua la utosini, na bwana harusi mwenye suti nyeusi kando yake, hatatishwa na mlima.

Sasa twendeni kwenye ziwa lenu.

Wazee walioko hapa wanalikumbuka Ziwa Nakuru kwa ukingo wake wa waridi. Eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1961, na dunia nzima ililijua kwa flamingo. Wazee hao hao wanakumbuka katikati ya miaka ya 1990 lilipokauka karibu lote na vumbi la magadi likapeperuka. Kuanzia 2010 hivi maji yakaanza kupanda, yakaendelea. Yalifunika lango kuu la zamani la hifadhi na barabara zilizozunguka ufuo. Migunga ile yenye gome la njano iliyokuwa imezunguka ziwa ilisimama ndani ya maji mpaka ikafa imesimama. Mwaka 2020 maji yaliingia mpaka kwenye nyumba za watu mtaa wa Mwariki. Eneo la ziwa, ambalo zamani lilikuwa kama kilomita za mraba 40, lilipita 60. Baringo, Bogoria na Naivasha nayo yalipanda, na Mei mwaka huo Ziwa Victoria lilifika kwenye kile kimo cha 1964 ambacho wazee wetu wa Kisumu walikuwa wakitusimulia.

Flamingo wadogo hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Mvua ikizidi na mito ikimwaga maji matamu, magadi yanapungua nguvu, mwani unapungua, nao ndege wanakwenda Bogoria na kwingineko. Wengine hurudi, kisha huondoka tena. Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliingizwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011, ndege wanahama kati ya maziwa hayo, na picha ya mwaka mmoja inaweza kuwa uongo mwaka unaofuata.

Kijana aliyezaliwa 2010 hapa mjini hajauona ukingo ule kama mama yake alivyouona. Lakini mama yake anao. Uko kwenye albamu sebuleni. Kuna picha ya familia, gari limesimama, mtu ameshika chupa ya soda, na nyuma yao kuna ufuo ambao leo uko chini ya maji. Aliyeipiga hakuwa na habari na mandhari. Alitaka shangazi aonekane. Bila kujua alituandikia maji yalikuwa yamefika wapi, mti gani ulikuwa hai, na ndege walikuwa wangapi.

Kuna mpiga picha wa Marekani, Ansel Adams, aliyesimamisha gari mwaka 1941 kando ya barabara huko New Mexico kwa sababu mwezi ulikuwa umepanda juu ya kijiji kiitwacho Hernandez na jua la mwisho lilikuwa linagusa misalaba ya makaburini. Hakukiona kipima mwanga chake. Alijua mwangaza wa mwezi kwa kichwa, akapiga hesabu hapo hapo, akabonyeza mara moja, na kabla hajajiandaa kwa picha ya pili mwanga ukawa umeondoka kwenye misalaba. Sehemu hiyo husimuliwa sana. Mimi hupenda iliyofuata. Baadaye Adams mwenyewe alisahau tarehe, akawa anataja miaka tofauti. Wataalamu wa nyota ndio walioitafuta: wakapima mwezi ulipokaa kwenye picha, wakafanya hesabu, wakapata tarehe 1 Novemba 1941, jioni. Picha ilikuwa imeshika saa yake muda wote huo.

Na hapa kwetu, msafara wa Mwingereza Halford Mackinder uliofika kilele cha Batian mwaka 1899 ulirudi na picha za barafu ya Mlima Kenya. Leo picha hizo zikiwekwa kando ya za sasa, hakuna haja ya mtu kubishana kama barafu imepungua.

Nataka tufanye hivyo na ziwa hili, na ndiyo sababu hasa nilikubali kuja. Kila mmoja wenu atafute nyumbani picha ya zamani yenye Ziwa Nakuru ndani yake. Hata kama ni kipande cha maji nyuma ya bega la mjomba. Kisha tutatafuta mahali ilipopigwa, turudie.

Namna yake ni hii. Tazama kwanza mstari wa vilima nyuma, maana vilima havijahama. Tafuta vitu viwili vilivyopangana, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, jabali na kilele tuseme. Ukisogea kushoto vinaachana upande mmoja, ukisogea kulia vinaachana upande mwingine, na vikikaa kama kwenye picha ya zamani uko kwenye mstari wake. Ukipata jozi ya pili ya namna hiyo, umesimama pale pale aliposimama baba yako. Baboon Cliff na Lion Hill zitakuwa rahisi, kwa sababu ziko juu na watu wengi walipigia hapo. Za ufuoni zitakuwa ngumu, nyingine tutahitaji mashua, na nyingine tutaziacha. Kisha soma vivuli: vimelala upande gani, ni virefu kiasi gani. Hapo mtaijua saa, na tutarudi saa hiyo hiyo, mwezi huo huo ikiwezekana. Zile tarehe za rangi ya machungwa pembeni mwa picha msiziamini sana. Kamera nyingi hazikuwahi kurekebishwa tangu zitoke dukani.

Msizibandue picha kwenye albamu. Gundi ya zamani inararua. Ipige picha ikiwa humo humo, karibu na dirisha, bila flashi, karatasi ya plastiki ikiwa imefunuliwa isilete mng'aro. Geuza na upande wa nyuma kama picha imelegea yenyewe, mara nyingi kuna maandishi. Andika ni ya nani, na nani aliipiga kama anajulikana.

Akina mama, hapa kazi ni yenu kuliko ya vijana. Ninyi ndio mnaojua lile gari lilikuwa la nani, ilikuwa likizo gani, kama mtoto yule aliyebebwa alikuwa ameshaanza kutembea. Kwa umri wa mtoto tutapata mwaka. Mwalimu amekubali kutupa darasa Jumamosi ijayo kuanzia saa tatu asubuhi, na mwenye skana ya kutuazima amwone akiwa hapo mlangoni.

Maswali sasa. Wewe kijana wa nyuma umeinua mkono tangu nilipotaja drone. Sema.